Kusahihisha, Kuhuisha, Kuoanisha, Kutangua: Uhakiki wa Istilahi za Miongozo ya Tiba katika Kompyuta

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki istilahi zinazotumika katika kazi moja iliyoingia katika huduma za afya nchini kwa miaka ya karibuni. Kazi yenyewe ni kuandika miongozo ya tiba kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuifuata hatua kwa hatua, na kuitunza miongozo hiyo isipitwe na wakati. Huenda wasomaji wengine wakauliza jambo hili linawahusu nini wafasiri na walimu wa lugha. Kwa maoni yetu linawahusu sana. Mwongozo uliomo kitabuni husomwa na tabibu, naye hutumia busara yake pale ambapo neno limelegea. Mwongozo uliotiwa katika kompyuta hauna msomaji wa namna hiyo. Neno likilegea, kompyuta haiulizi. Hutenda kama ilivyoandikiwa.

Istilahi iliyoenea ya kutaja utunzaji huu ni moja tu, nayo ni kusasisha. Neno hili limeundwa kwa ufundi, kutokana na "sasa" na kiambishi -isha, na limewafikia wananchi wengi kwa njia ya simu zao. Hatuna ugomvi nalo linapotumika kwa simu. Hata hivyo, katika miongozo ya tiba neno hilo limefunika kazi nne zisizofanana, na kila kazi ina mwenye dhamana wake. Kuziita kazi hizo kwa jina moja kumesababisha watu kudhani kwamba mtaalamu mmoja, yaani mwandishi wa programu, anaweza kuzimaliza zote. Tutaonyesha kwamba sivyo. Mizani yetu itakuwa wilaya ya Lushoto na milima ya Usambara, kwa sababu huko maradhi hubadilika kwa mwendo wa saa chache kutoka bondeni hadi kileleni. Hatusemi kwamba programu tutakazozitaja zimekwisha kutumika Lushoto. Tunasema kwamba programu isiyoweza kustahimili jiografia ya Usambara haiwezi kuitwa ya taifa.

2. Mwongozo katika kompyuta ni kitu gani?

Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walitoa mwongozo wa uangalizi wa pamoja wa magonjwa ya watoto walio chini ya miaka mitano, unaojulikana kwa kifupi IMCI. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuupokea. Mwongozo huo humwelekeza mhudumu wa zahanati kuuliza, kutazama, kuhesabu, kisha kuuweka ugonjwa katika daraja lake na kutoa tiba. Kwa kuwa umejengwa kwa maswali na majibu, ulikuwa mwepesi kugeuzwa kuwa kanuni za kompyuta.

Ndivyo ilivyofanyika hapa nchini. Programu iliyoitwa ALMANACH ilijaribiwa Tanzania, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015: watoto walioandikiwa antibiotiki walikuwa asilimia 15 pale programu ilipotumika, ilhali katika huduma ya kawaida walikuwa asilimia 84, na watoto hawakudhurika kwa kupunguziwa dawa. Programu nyingine, ePOCT+, ilijaribiwa katika vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro. Matokeo yaliyotolewa katika jarida la Nature Medicine mwaka 2024 yalikuwa asilimia 23 kwa wahudumu waliotumia vishikwambi vyenye programu, na asilimia 70 kwa wenzao. Pamoja na ePOCT+ ilitengenezwa zana ambayo humwezesha tabibu kuchora na kubadili kanuni bila kujua kuandika programu.

Hapana budi kuisifu kazi hii kabla ya kuikosoa. Kompyuta imewalazimisha wataalamu kusema wazi kile walichokuwa wakikisema kwa mzunguko. "Kupumua haraka" si suala la macho tena. Ni pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, na pumzi 40 au zaidi kwa aliyeuvuka umri huo. Kila mwanaistilahi angependa kupata fasili za namna hiyo. Tatizo linaanza siku fasili inapotakiwa kubadilishwa.

3. Kusahihisha

Kazi ya kwanza ni kuondoa kosa. Hapa elimu ya tiba haikubadilika hata kidogo. Kilichotokea ni kwamba kanuni iliyotiwa katika kompyuta haikusema kile kilichosemwa na mwongozo.

Mfano umo katika sentensi tuliyoiandika punde. Tumesema "miezi 2 hadi 12". Je, mtoto aliyetimiza miezi 12 leo yumo au hayumo? Katika Kiswahili cha kila siku "hadi" huweza kujumlisha mpaka wenyewe. Mtu akiambiwa asome ukurasa wa kwanza hadi wa kumi, atausoma na wa kumi. Lakini katika IMCI mpaka wa umri haujumlishwi: mtoto aliyekwisha kutimiza miezi 12 huhesabiwa katika kundi la pili. Sasa tumchukue mtoto wa miezi 12 kamili mwenye kikohozi, apumuaye mara 45 kwa dakika. Akiwekwa katika kundi la pili, ana nimonia na atapewa dawa. Akiwekwa katika kundi la kwanza kwa sababu ya "hadi", ana kikohozi tu na atarudishwa nyumbani.

Kosa la aina hii halihitaji mkutano wa madaktari. Linahitaji mfasiri, mwandishi wa programu na mtu wa tatu wa kulinganisha kazi zao na mwongozo wa asili. Tunapendekeza kwamba katika maandishi ya namna hii "hadi" iachwe kabisa, na badala yake iandikwe "kabla ya kutimiza miezi 12". Ni maneno mengi zaidi, lakini hayana njia mbili.

4. Kuhuisha

Kazi ya pili ni kuingiza elimu mpya. Hapa mwongozo wa zamani haukuwa na kosa kwa wakati wake; utafiti umeleta jambo lililo bora. Tunaiita kazi hii kuhuisha, yaani kutia uhai, kwa kuwa mwongozo unaofuata elimu iliyokwisha kuachwa ni mwongozo uliokufa hata kama bado umebandikwa ukutani.

Usambara yenyewe imechangia katika elimu ya namna hii. Hospitali ya Teule ya Muheza na Hospitali ya Magunga ya Korogwe, ambazo zote ziko chini ya milima hiyo, zilikuwa miongoni mwa vituo vya utafiti mkubwa wa malaria kali ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010. Watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika walitibiwa ama kwa atesuneti ama kwa kwinini. Waliofariki walikuwa asilimia 8.5 katika kundi la atesuneti, na asilimia 10.9 katika kundi la kwinini. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza atesuneti kwa watoto wenye malaria kali. Kanuni yoyote ya kompyuta iliyotaja kwinini kuwa dawa ya kwanza ikawa imepitwa.

Mabadiliko ya namna hiyo huonekana upesi, kwa sababu jina la dawa limebadilika. Yanayotutia wasiwasi zaidi ni mabadiliko ambamo jina hubaki lilelile. Katika IMCI ya awali mtoto mwenye kikohozi ambaye kifua chake kinabonyea ndani anapovuta pumzi aliwekwa katika daraja la nimonia kali, akapewa dozi ya kwanza ya dawa na kupelekwa hospitali. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani liliyapanga upya madaraja haya. Kifua kubonyea kikahamishiwa katika daraja la nimonia ya kawaida, na mtoto akaruhusiwa kutibiwa nyumbani kwa amoksilini ya kumeza. Waliotolewa katika ruhusa hiyo ni watoto wenye dalili za hatari, na wale wenye virusi vya UKIMWI au waliozaliwa na mama mwenye virusi hivyo. Hao hupewa rufaa.

Msomaji atazame kilichotokea. "Nimonia" bado ni "nimonia" na "nimonia kali" bado ni "nimonia kali". Mfasiri aliyepewa orodha ya maneno aone kama kuna jipya la kutafsiri atairudisha bila kuigusa, naye atakuwa amesema kweli. Hata hivyo mipaka ya maneno yote mawili imehama. Kwa mzazi wa Mtae au Mlalo, kuhama huko ni tofauti ya kuteremka na mtoto kwa barabara ya milimani kutafuta hospitali, na kurejea nyumbani na vidonge. Zahanati ikiwa na bango la zamani ukutani, kitabu cha toleo la pili mezani na kishikwambi cha toleo la tatu mkononi, yote matatu yatataja "nimonia kali", na kila kimoja kitakuwa na mtoto wake.

Juu ya hayo, neno "kali" lenyewe limebebeshwa mizigo mitatu. Tunasema "malaria kali" tukiwa na maana ya ugonjwa uliokithiri. Tunasema "ugonjwa mkali" tukitafsiri ugonjwa uliozuka kwa ghafla na wa muda mfupi, kinyume cha ugonjwa sugu. Tena tunasema "homa kali" tukitaja joto la mwili lililopanda sana. Binadamu hutambua maana kwa muktadha, kanuni haiwezi. Tunapendekeza "kali" ibaki kwa ugonjwa uliokithiri, kwa kuwa matumizi hayo yamekwisha kukomaa. Maana ya pili iitwe "-a ghafla", na ya tatu iitwe "joto la juu".

5. Kuoanisha

Kazi ya tatu ni kuoanisha kanuni na mahali. Katika kazi hii Usambara ni mwalimu mzuri.

IMCI humtaka mhudumu ajue kwanza kama mahali alipo pana hatari kubwa ya malaria, hatari ndogo, au hapana hatari kabisa. Kwa mwongozo wa mwaka 2014, mahali pa hatari kubwa kila mtoto mwenye homa hupimwa malaria. Mahali pa hatari ndogo hupimwa yule ambaye homa yake haina sababu nyingine iliyo dhahiri. Pasipo na hatari huulizwa kama mtoto amesafiri kwenda penye malaria.

Sasa Lushoto ni mahali pa namna gani? Mji wenyewe uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Mombo, ambako barabara ya kupanda Soni na Lushoto huanzia, uko chini kabisa ya mlima. Watafiti waliokusanya mbu katika vijiji vya Usambara Magharibi walieleza mwaka 2003 kwamba kutoka mita 300 hadi mita 1,700 nguvu ya maambukizo ilipungua takriban mara elfu moja. Aidha wilaya ya Lushoto si milima mitupu. Kata kama Mnazi na Lunguza ziko katika tambarare ya kaskazini, upande wa mto Umba. Kanuni isemayo "Lushoto: hatari ndogo" itamdanganya mhudumu wa Mnazi, na isemayo "Lushoto: hatari kubwa" itamdanganya mhudumu wa Magamba.

Madhara ya udanganyifu wa pili si ya kudhania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofanywa katika hospitali kumi za kaskazini-mashariki mwa Tanzania, uliwachunguza wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa asilimia 46 tu. Waliobaki walikuwa na maradhi mengine yaliyofichwa na jina la malaria.

Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria umekwisha kuzigawa halmashauri katika ngazi nne za maambukizo, kutoka ndogo sana hadi kubwa, na baadaye kazi hiyo ikateremshwa hadi kata. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Lakini ngazi hizo zinatokana na vipimo vya miaka fulani. Vyandarua vikigawiwa, au mvua zikibadilika, kata huweza kuhama ngazi yake. Kwa hiyo "hatari ndogo" ni istilahi isiyokamilika mpaka itajwe pamoja na mahali na mwaka. Mwenye dhamana hapa ni mganga mkuu wa wilaya pamoja na wataalamu wa malaria. Mwandishi wa programu aliyeko mbali hawezi kuijua Mnazi.

Kuoanisha kunagusa lugha pia. Swali "Je, mtoto ana homa?" huonekana jepesi. Katika IMCI homa ni dalili: joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au mwili kuwa wa moto, au taarifa ya mzazi kwamba ulikuwa hivyo. Katika midomo ya watu homa ni jina la jamii ya maradhi, kama homa ya matumbo, homa ya manjano na homa ya dengi, na mara nyingi "homa" peke yake husimama badala ya malaria. Utafiti wa Bagamoyo uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha jinsi majina ya maradhi ya homa katika lugha ya watu yasivyolingana na majina ya matabibu. Degedege, kwa mfano, halikuhesabiwa kuwa malaria. Milimani, ambako wazazi wengi huanza kwa Kisambaa ndipo wakaingia Kiswahili, jambo hili lahitaji uangalifu zaidi. Yafaa kishikwambi kiulize, "Je, mwili wa mtoto umekuwa wa moto?"

6. Kutangua

Kazi ya nne husahaulika mara nyingi, nayo ni kuondoa kanuni isiyohitajika. Tunachagua "kutangua" kwa kuwa neno hili hutumika kwa jambo lililofungwa kwa halali na linalofunguliwa kwa halali, kama ndoa au hukumu. Kanuni isifutwe kimyakimya.

Historia ya dawa za malaria inatupa somo. Mwaka 2001 klorokwini iliachwa nchini, ikafuatwa na dawa ya SP. Mwishoni mwa mwaka 2006 nayo ikapisha mchanganyiko wa atemetha na lumefantrini, ambao wananchi waliupokea kwa jina zuri la "dawa mseto", au "mseto" tu. SP iliondolewa katika matibabu ya kawaida ya malaria, lakini ilibaki katika kinga kwa wajawazito. Kwa hiyo mtu aliyefuta jina la dawa mahali pote alipoliona angefuta na kinga ya mama mjamzito. Kinachotanguliwa ni matumizi fulani, wala si neno. Hali kadhalika "mseto" liliundwa kama jina la jamii, likawa jina la dawa moja. Mwongozo wa malaria wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 uliorodhesha michanganyiko mitano ya jamii hiyo. Kanuni iandikayo "mpe mseto" imeacha kutaja dawa.

Swali gumu zaidi ni la ugonjwa uliotulia. Tauni ilizuka Lushoto mwaka 1980, ikaendelea kuripotiwa humo kwa zaidi ya miaka ishirini. Kanuni ya kumtilia shaka mgonjwa mwenye homa na mtoki wenye maumivu ilikuwa ya lazima katika vijiji vile. Je, ugonjwa ukinyamaza kwa miaka, kanuni hiyo itanguliwe ili kishikwambi kisimchoshe mhudumu kwa maswali? Sisi tunaona kwamba uamuzi huo haustahili kuachiwa mtu anayetaka kupunguza maswali. Kanuni inaweza kulazwa, ikaandikwa kwamba imelazwa na nani, lini, na kwa dalili gani itaamshwa. Kulaza si kutangua, na istilahi zetu ziutunze mpaka huo.

7. Mapendekezo

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza utaratibu wa kuandika miongozo katika matabaka matano: maelezo ya kawaida, maelezo ya utendaji, maandishi yanayosomeka na mashine, programu inayotenda, na hatimaye mwongozo unaojifunza kutokana na takwimu mpya. Utaratibu huo ni mzuri, lakini lugha ya mtumiaji haina tabaka lake ndani yake. Imeachwa iwe pambo la mwisho. Kwa nchi inayowahudumia wananchi kwa Kiswahili, hiyo ni kasoro ya msingi. Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Neno "kusasisha" libaki kwa matumizi ya jumla. Katika nyaraka za miongozo ya tiba zitumike kusahihisha, kuhuisha, kuoanisha na kutangua, na kila waraka wa mabadiliko utaje ni kazi ipi kati ya hizo imefanyika na kwa idhini ya nani.

(b) Kila istilahi inayoendesha kanuni iwe na kidahizo chenye fasili, toleo la mwongozo, na tarehe ambayo fasili hiyo ilianza kutumika. Fasili ya zamani isifutwe, bali ihifadhiwe chini yake, ili anayesoma rekodi ya mgonjwa ya mwaka 2012 ajue "nimonia kali" ya wakati ule ilikuwa nini.

(c) Fasili ikibadilika, mfasiri aarifiwe hata kama neno halikubadilika. Naye awe na haki ya kuzuia toleo jipya lisiende vituoni mpaka maandishi ya Kiswahili yamesomwa upya pamoja na wahudumu wa zahanati.

(d) Bango, kitabu na kishikwambi vibebe namba moja ya toleo. Vikitofautiana, waraka wa wizara useme wazi kipi ndicho kitakachofuatwa.

8. Hitimisho

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tulioueleza ni mdogo kwa macho, kwa kuwa ni wa neno moja lililopewa kazi nne. Lakini kadiri vishikwambi vitakavyoongezeka ndivyo neno hilo litakavyoamua nani apimwe, nani apewe dawa na nani apelekwe hospitali. Walimu wa vyuo vya afya, wafasiri na watumishi wa halmashauri, hasa walioko katika wilaya zenye milima na mabonde kama Lushoto, tunawaomba watuletee maneno ambayo wameyaona yakisomwa kwa maana mbili katika vituo vyao. Waeleze pia ni toleo gani lililokuwa mezani siku hiyo. Orodha hiyo ndiyo tutakayoanza nayo kazi.